MREJESHO: Columbus hadi San Diego na RV, mama mkwe ndani. Kambi za kulala na kambi za kukimbia

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Kama kichwa cha uzi kinavyojieleza. Niliomba ushauri humu kuhusu kukodi RV kutoka Columbus, Ohio, mpaka San Diego, mkatiririka vizuri, ingawa mmoja alinishauri nipande ndege niache kujitesa. Safari tuliifanya Oktoba 2024, kwa hiyo bei nitakazotaja ni za wakati huo.

Kwa wasiojua, RV ni gari lililobeba nyumba: vitanda, jiko la gesi, friji, choo, bafu. Letu lilikuwa la futi 25, lile lenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, na leseni ya kawaida inatosha. Mimi ni dereva wa semi. Barabara kuu za I-70, I-44 na I-40 nazijua mpaka mashimo yake. Nilichokuwa sikijui ni namna ya kulala na familia njiani. Mtu wa lori analala popote penye nafasi, anaoga kituo cha mafuta, kesho anaondoka. Safari hii nilikuwa na mke, mtoto wa miaka 9 na mama mkwe.

Ndiyo, mama mkwe. Mtu ambaye kwetu Tanga nikimsalimia natazama chini. Sasa tunalala naye ndani ya futi 25, na mlango wa choo mwembamba kama kadi ya harusi. Ukikohoa humo ndani, dereva anasikia. Kwa hiyo wenzangu wakichagua kambi wanaangalia mandhari na bei. Mimi nilianza na swali moja: pana choo na bafu la nje? Na ni hatua ngapi kutoka garini?

Usiku wa kwanza, Carlyle Lake, Illinois. Hii ni kambi ya Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani. Hawa jamaa ndio wanaojenga mabwawa, na kando ya maziwa ya mabwawa hayo wana kambi ambazo wengi wetu tunazipita kila siku bila kujua. Carlyle iko kiasi cha saa moja kabla ya kufika St. Louis ukitokea mashariki. Umeme upo, bafu safi lipo, ziwa liko mbele yako, na majirani wamekaa mbalimbali. Mama mkwe ana zaidi ya miaka 62 na ana makazi ya kudumu, kwa hiyo kabla ya safari nilimnunulia ile kadi ya wazee ya hifadhi za taifa. Dola 80, anakuwa nayo maisha yake yote. Kadi hiyo inakata nusu ya bei ya kupiga kambi kwenye maeneo ya Wahandisi. Tulilala kwa chini ya dola 15. Asubuhi mke wangu akanikumbusha kwamba mimi ndiye niliyepinga mama asije.

Usiku wa pili, maegesho ya duka moja kubwa, kupita Tulsa kidogo. Bure. Niliingia ndani nikaomba ruhusa kwa meneja, akakubali. Sheria zake zinajulikana hata kama hazijaandikwa: huweki viti nje, hukunjui turubai la pembeni, hushushi miguu ya kusawazisha gari kwenye lami, usiku mmoja tu, na unanunua chochote dukani. Mimi nililala fofofo. Wengine wote hawakulala, maana lori la friji liliegesha ubavuni na mashine yake ikaunguruma mpaka alfajiri. Mimi ule mngurumo ndio wimbo wangu wa kulalia. Mama mkwe akauliza mara moja tu, kwa sauti ya chini: "Baba, tumetoka kwetu kuja kulala dukani?" Sikurudia tena.

Usiku wa tatu na wa nne, Palo Duro Canyon, Texas. Hifadhi ya jimbo, si ya taifa, maili 25 hivi kusini mwa Amarillo. Linatajwa kuwa la pili kwa ukubwa Marekani kati ya makorongo ya namna hii, nyuma ya Grand Canyon. Barabara ya kushukia ina mteremko wa asilimia 10, tena na kona. Weka gia ndogo tangu juu, usikalie breki. Niliona mtu na RV kubwa kuliko yangu amesimama chini, matairi yanatoa moshi, mkewe yuko nje anapunga upepo kwa kipande cha boksi kama anayechoma mishikaki.

Kiingilio ni dola 8 kwa mtu mzima kwa siku, watoto wa miaka 12 kushuka chini bure, na kambi unalipia kivyake. Unapata umeme na maji mlangoni. Bomba la maji taka hakuna, unaenda kumwaga kwenye kituo chao ukiondoka. Udongo mwekundu kabisa, kuta za mawe zina mistari kama khanga iliyokunjwa. Bata mzinga wa porini wanapita katikati ya magari. Mama mkwe aliwahesabu kwa jicho la mtu mwenye sufuria.

Naendelea baadaye, nina mzigo wa kupakia.

#2

Naweka kambi hapa.

#3

Mkuu, umelala chumba kimoja na mama mkwe siku kumi na bado una ndoa? Hebu tueleze kitanda cha nani kilikuwa wapi.

#4 Mleta uzi

#3, mama kitanda cha nyuma na mjukuu wake, pazia limefungwa. Mimi na mke kile cha juu ya usukani. Nilikuwa naamka wa kwanza, natoka nje kabla hajaamka, nasingizia kukagua matairi. Matairi yale yalikaguliwa kuliko ya ndege.

#5

Wasee, hiyo ya "kulala dukani" imenimaliza. Mimi niko Dallas, na hizi hifadhi za majimbo ndizo naziaminia. Lakini mwambie ukweli mtu anayepanga: ukija wikendi bila kubuki mapema unapata hewa. Texas wanafungua buking miezi mitano kabla na wenyeji wanamaliza zote.

#6

Mnapoteza hela tu. Magharibi huko kuna ardhi ya serikali, unaegesha bure siku 14, hakuna wa kukuuliza. Dola 8 za kiingilio kwa kila mtu za nini?

#7 Mleta uzi

#6, nakuja huko kwenye bure yako, subiri. Kwanza niwape elimu niliyoipata kwa jasho, kwa sababu bila hii huwezi kulinganisha kambi.

RV ina matenki matatu. La maji safi, letu galoni 40. La maji ya kuogea na kuoshea vyombo. Na la choo. Kinachokutoa kwenye kambi ya bure si upweke wala nyoka, ni hilo la katikati kujaa. Sisi lilijaa siku ya tatu. Mama anatia udhu mara tano, mtoto anafungua bomba kama yuko kwa baba yake, mke anaosha sufuria ya wali. Ukimwaga hayo maji chini kwenye kambi nyingi ni faini. Kwa hiyo "bure" ina urefu wake, na urefu huo unapimwa kwa galoni.

Upande wa choo nilijifunza kitu sikukitegemea. Mwenye gari alituonya tuweke maji ya kutosha, kwa sababu Wamarekani wengi wanabana maji, karatasi zinajikusanya chini ya tundu, zinakauka, zinakuwa kichuguu. Kukizibua ni kazi ambayo sitaieleza watu wakiwa mezani. Sisi mama alibeba kopo lake tangu Columbus. Kila akienda, kopo. Nilipofungua bomba la kumwagia mara ya kwanza, lilitiririka kama mto Pangani. Jamaa wa pembeni, amevaa glavu mpaka kwenye viwiko, akaniuliza natumia dawa gani. Ningemwambia nini?

Halafu umeme. Soketi za kambi ni za ampea 30 au 50. Thelathini kwa volti 120 ni wati 3,600. Kiyoyozi kinakula kama 1,500, maikrowevu hivyo hivyo, birika la chai hivyo hivyo. Ukiwasha vitatu kwa pamoja, giza. Tumekaa gizani mara mbili kwa sababu ya chai.

Usiku wa tano: New Mexico, upande wa Tucumcari. Nilitaka kulala Albuquerque. Nilisahau kwamba wiki hiyo ilikuwa ya tamasha lao la maputo ya hewa moto, ambalo lipo tangu 1972. Kila kambi niliyopiga simu ilikuwa imejaa, hadi maegesho. Ikabidi niishie mbali, kwenye kambi ya mtu binafsi, jina naliacha. Dola 48. Picha za mtandaoni zina miti na bwawa la kuogelea. Miti ilikuwepo. Bwawa lilikuwa na majani ya miti hiyo.

Shida haikuwa bwawa, ilikuwa umeme. Nilichomeka, nikawasha kiyoyozi, taa zikafifia kama jirani kawasha pasi. Nilikuwa nimeazima kifaa cha kupimia na kulinda umeme kutoka kwa mwenzangu wa kazini. Kikasoma volti 103, kikakata chenyewe. Nyaya za zamani, na jioni kila mtu kawasha kiyoyozi. Umeme mdogo namna hiyo unaunguza mota ya kiyoyozi taratibu, na la kukodi ukiliunguza unalipa wewe. Nikaenda ofisini, yule mzee akaniambia watu wengine hawalalamiki. Watu wengine hawana kifaa cha kupimia. Tukafungua madirisha tukalala hivyo. Bafu la nje lilikuwepo, na taa yake ilikuwa inawaka na kuzima. Mama akasema ataoga kesho.

#8

Kifaa hicho kinauzwa bei gani mkuu?

#9 Mleta uzi

#8, vizuri vinaanzia dola mia mbili na ushee, ghali. Azima. Kama huna, hata kile kidogo cha kuchomeka ukutani kinachosoma volti tu kitakusaidia. Ikishuka chini ya 108, zima kiyoyozi.

#10

Ndugu, mimi niko Louisville, tumetoka Bukavu. Sisi tuko watu saba na watoto. Hizo kambi za alama ya njano, KOA, ni nzuri? Naziona kila mahali kwenye barabara.

#11 Mleta uzi

#10 karibu ndugu yangu, umenifikisha usiku wa sita.

KOA ilianzia Billings, Montana, mwaka 1962, na sasa ziko za aina tatu: Journey za mtu anayepita, Holiday za kukaa siku kadhaa, na Resort za wenye nazo. Sisi tulilala ya Journey, Holbrook, Arizona, kwa sababu hifadhi ya miti iliyogeuka mawe, Petrified Forest, haina kambi ya magari ndani. Dola 72. Najua, #6, punguza jazba.

Uliyolipia ni haya: unaingia mbele unatokea mbele, hupigi rivasi. Maji, umeme na bomba la maji taka vyote viko ubavuni. Mashine za kufulia zipo. Bafu lina mlango unaofunga kwa komeo, maji moto kweli, taa nyeupe. Mama aliingia humo na ndoo ya vitu vyake akakaa dakika arobaini. Alipotoka alikuwa amejipaka mafuta, amefunga kilemba kipya, akasema hapa wangelipisha hata mia angelipa yeye. Watoto wana pembea. Kwa watu saba ningesema kila baada ya usiku mbili tatu za bei rahisi, chukua moja kama hii: mfue, mmwage, mjaze maji, mlale.

Ubaya ni kwamba magari yamepangwa kama daladala stendi. Dirisha langu lilikuwa linatazama dirisha la mtu. Na hakuna aliyesalimia. Kila mtu anafanya shughuli zake na bomba lake, asubuhi saa mbili kambi nusu imeshaondoka.

Grand Canyon, usiku mbili. Kijiji cha ukingo wa kusini kina kambi mbili za RV ndani ya hifadhi. Trailer Village ina kila kitu cha kuchomeka. Mather haina umeme wala maji ya kuchomeka, ila iko katikati ya misonobari, na nafasi zake zinafunguliwa miezi 6 kabla. Nilipata Mather kwa sababu kuna mtu alighairi. Nilikuwa nachungulia simu kila kituo cha mafuta. Kadi ya mama ikatuingiza gari zima bila kulipa ile dola 35 ya kiingilio, na kambi ikawa nusu bei. Kuanzia hapo akawa anaitwa Mwenye Kadi.

Lile korongo sitalieleza. Mama alisimama kwenye ukingo, akavuta leso, akasema "Subhana Allah," akarudi garini kukaa. Baadaye akaomba arudishwe tena.

Usiku sasa. Pale ni futi 7,000 hivi juu ya bahari, Oktoba baridi inagusa barafu. Hita ya RV inaunguza gesi, lakini feni yake inatumia betri. Saa kumi usiku betri ikaisha, feni ikanyamaza. Jenereta huwashi usiku, wana saa zao chache asubuhi na jioni. Mama alilala na khanga pea mbili, sweta, na koti langu la kazini lenye jina la kampuni mgongoni. Kulipokucha akafungua mlango akaurudisha haraka: nje alikuwa amesimama elki, dume, pembe zimevuka upana wa dirisha. Kwa anayejua kulungu, hesabu kulungu watatu. Mama akaniambia, "Baba, kuna ng'ombe wa watu nje."

Bafu za Mather ziko kwenye jengo jingine karibu na lango, unalipia. Kutembea na ndoo asubuhi kwenye baridi ile, mtu mzima, si adabu. Nilikuwa namwendesha na gari zima, nyumba yote, vikombe vinagongana kabatini, kwenda kuoga.

#12

Hahahaa! Kupeleka bafu kuoga. Mkuu tano zako.

#13

Na jangwani je? #6 anasubiri.

#14 Mleta uzi

Quartzsite, Arizona. Ardhi ya ile idara ya shirikisho inayosimamia ardhi za umma, BLM. Kuna maeneo ya bure, siku 14 ndani ya kila siku 28, na kuna maeneo ya kukaa msimu mzima, kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15, kwa dola 180. Ukigawa kwa siku haifiki hata dola moja. Wazee wa kaskazini wanahamia pale kila baridi kama ndege korongo.

Ukweli: #6 yuko sahihi kwa nusu, na sikutegemea ni nusu ipi.

Tulifika katikati ya Oktoba, mapema mno. Mchana joto lilikuwa la kukaangia mayai na umeme hakuna. Jenereta inakunywa mafuta. Kama unakwenda, nenda kuanzia Novemba. Bafu la nje hakuna, choo hakuna, mti hakuna. Kwa kipimo changu mimi, hii ilikuwa kambi ya kukimbia.

Lakini jirani wa karibu alikuwa mbali kama goli hadi goli la pili. Jua lilipozama nikatandika mkeka nje, tukatoka wote, tukamwachia mama gari. Akaoga peke yake humo ndani kwa muda aliotaka, akaswali, akapika wali wa nazi ya kopo. Siku zote hizo nilikuwa nahangaika kumtafutia bafu la nje. Kumbe tuliotakiwa kuwa nje ni sisi. Kwenye zile kambi za kubanana nje hapakukaliki. Ukitoka unakutana na bomba la mtu. Usiku ule mama aliongea na mimi kuliko miaka kumi na moja ya ndoa. Kuhusu baba mkwe, mashamba ya mkonge, mambo mengi. Gizani huoni kama mtu anatazama chini.

Asubuhi tulipita makaburini pale mjini. Kuna piramidi dogo la mawe, juu yake sanamu ya ngamia. Ni kaburi la mtu Wamarekani wanayemwita Hi Jolly. Jina lake ni Haji Ali, mwendesha ngamia aliyeletwa na jeshi la Marekani mwaka 1856 walipokuwa wanajaribu ngamia jangwani. Alifariki hapo 1902. Nilipomsomea mama kile kibao, akauliza mara mbili, "Haji?" Akainua mikono akamsomea Fatiha. Mtalii mmoja akavua kofia.

#15

Mkuu, sahihisho dogo: huyo Haji Ali alipopata uraia 1880 alitumia jina la Philip Tedro, akaoa huko huko Marekani. Watu wanabishana alikufa na dini gani.

#16 Mleta uzi

#15, nilimwambia mama. Akasema Fatiha haikaguliwi pasipoti.

#17

Jumla ilikuwa shilingi ngapi? Na kurudisha gari vipi?

#18 Mleta uzi

Kulala pekee, usiku zote tisa, haikufika dola 300. Kilichokula hela ni mafuta: maili 9 kwa galoni, tena ukiwa na upepo wa nyuma. Na kodi ya gari lenyewe, hiyo kila mtu apige hesabu zake, wanatoza na maili.

Kurudisha: matenki yawe matupu, la sivyo wanakutoza kumwaga. Nilimwaga kituo cha mafuta kabla ya kuingia San Diego, nikafagia, nikakabidhi funguo, tukapanda teksi kwenda kwa shemeji. Tuko njiani mama akanyamaza ghafla. Kopo. Limebaki nyuma ya mlango wa choo.

Nikamwambia dereva ageuze.